Mkono wa Utingo Haukutosha

Katika Sengerema ya utoto wangu lori la pamba lilikata kona kwa mikono ya watu wawili. Dereva akitaka kwenda kulia alitoa mkono wote nje ya dirisha na kuunyoosha. Akitaka kwenda kushoto, kanuni ilimtaka auzungushe mkono huo huo kinyume na mwendo wa saa, lakini aliyekuwa nyuma upande wa kushoto hakuwa na namna ya kuuona. Hapo ndipo utingo alipohitajika. Alichomoza kifua dirishani kwake, akalipiga bati la mlango kwa kiganja, akapunga mkono na kupaza sauti kuwaonya wenye baiskeli.

Pamba mbegu ni nyepesi. Ili lori lipate tani zake, magunia hupangwa mpaka yavuke paa la kebini na kutuna pembeni kuliko bodi lenyewe. Mkono wa dereva ukitoka, shehena inaumeza. Baba yangu mkubwa alikuwa na Bedford J, aina iliyoanza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1958. Aliinunua ikiwa imeshachoka, na kila msimu ilisomba pamba kutoka vituo vya vyama vya msingi hadi kinuni. Kwa watu wa rika lake, ushirika lilikuwa jambo la heshima. Walikuwa wamemwona Paul Bomani na wenzake wakiunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955, na kubeba pamba ya ushirika kulimpa mtu hadhi kijijini. Taa za kugeukia za Bedford ile zilikuwa zimekufa zote nilipoanza kupata akili. Mkanda haikuwahi kuwa nao.

Hakuna aliyeona pengo. Barabara ilikuwa ya changarawe na magari yalikuwa ya kuhesabu: Land Rover za serikali na za misheni, basi la Geita, malori ya pamba na ya samaki. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ulihesabiwa kuwa mbio. Zaidi ya hapo, watu walilifahamu kila lori kwa mlio wake. Mama mmoja akiwa shambani aliweza kusema, bila kuinua kichwa, huyo ni fulani na anaelekea Katunguru. Gari linapofahamika kiasi hicho, ishara huonekana kuwa ni adabu tu.

Ndivyo nilivyodhani hata mimi, mpaka jioni moja ya msimu wa ununuzi. Lori la jirani yetu lilikuwa linaingia kulia kuelekea ghala la chama cha msingi. Kijana mmoja wa baiskeli, aliyekuwa anatoka kuuza samaki, alikuwa ameshaanza kulipita upande huo huo. Alivunjika paja. Alilazwa muda mrefu, na alipotoka hospitali mguu mmoja ulikuwa umepungua urefu. Hakuweza tena kufanya biashara ya kuendesha baiskeli hadi ziwani na kurudi na tenga la samaki.

Watu walipokusanyika, dereva alirudia maneno yale yale: "Nilitoa mkono jamani. Nilitoa mkono." Utingo akaapa kuwa ni kweli. Mimi naamini hadi leo kwamba ilikuwa kweli. Lakini jua lilikuwa limeshatua, shati la dereva lilikuwa la kaki, vumbi la lori lilikuwa limetanda nyuma, na magunia yalikuwa yametuna. Ishara ilitolewa na haikufika. Miaka yote niliyofanya kazi ya umeme wa magari nimeipima kila taa niliyofunga kwa swali lililotoka pale ghalani: aliye nyuma, gizani, ndani ya vumbi, ataiona?

Nilipomaliza darasa la saba nilipelekwa Mwanza kwa mjomba, nikaingia gereji kujifunza. Mzee aliyenipokea hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanionyesha taa ya nyuma ya lori bovu lililokuwa uani.

"Taa hii inapata moto wapi?"

"Kwenye betri, mzee."

"Na moto huo unarudi wapi?"

Nikanyamaza. Akaniambia nikae pale mpaka nipate jibu. Lile lori lilikuwa na bodi la mbao, kama yalivyo malori mengi ya kwetu, na taa ilikuwa imepigiliwa kwenye ubao. Kwenye gari la chuma, umeme ukishapita kwenye balbu hurudi betrini kupitia bodi na chesisi. Kwenye ubao hauna pa kupita. Aliyeifunga ile taa alileta waya wa moto peke yake, akaacha ethi, yaani njia ya umeme kurudi, ijitafutie pa kupita kwenye misumari na kutu. Mchana wa jua iliwaka kidogo. Likipita kwenye tope haikuwaka kabisa. Nilipomwonyesha mzee kwa kidole kwamba panahitajika waya wa pili hadi kwenye chesisi, na kwamba pale unapofungwa lazima rangi na kutu vikwanguliwe chuma kionekane, alisema, "Umeanza kazi," akaondoka.

Somo hilo ni nusu ya ufundi wa indiketa kwenye gari la zamani. Wengi hununua taa mpya, swichi mpya na flasha mpya, wakaunganisha kila kitu, indiketa zikawaka vizuri gereji, na baada ya wiki mbili za barabara ya Nyehunge zinapepesa kwa kusitasita. Kosa halimo kwenye taa. Limo kwenye ethi, au kwenye waya uliopitishwa juu ya ukingo mkali wa chesisi bila kuvishwa mpira, ukasuguliwa na mitikisiko mpaka shaba ikawa wazi. Kipande cha mpira wa maji kuukuu, kilichovishwa juu ya waya na kufungwa vizuri, kimeokoa taa nyingi kuliko vipuri vya bei kubwa. Malori ya samaki yana adui mwingine: maji ya barafu iliyoyeyuka, yenye damu na magamba, hudondoka moja kwa moja kwenye viungo vya waya vya taa za nyuma na kuvioza.

Flasha, kidude kinachozipepesa taa, nayo ina tabia zake. Zile za zamani zina kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa. Umeme ukipita, kipande hupata joto, hujikunja na kukata njia. Kikipoa hurudi, taa ikawaka tena. Kasi yake hutegemea mzigo wa balbu, kwa kawaida mbili za wati 21 kila upande. Balbu moja ikiungua, mapigo hubadilika, na dereva mwenye masikio hujua hapo hapo kwamba upande huo una kasoro. Mimi huwaambia madereva wa malori ya zamani waisikilize flasha kama wanavyoisikiliza injini. Siku hizi wengi wanapenda taa za LED kwa sababu hazili umeme mwingi na haziungui kwa mitikisiko, na mapenzi hayo yana msingi. Ila ukiziweka kwenye flasha ya joto haitapepesa, kwa kuwa umeme unaopita ni mdogo mno kukitia joto kile kipande. Badilisha flasha iwe ya kielektroniki. Na hapo wenye Land Rover waangalie zaidi: zilizotoka kiwandani kabla ya 1967 upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Kifaa cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa magari ya leo kikifungwa humo bila kuuliza, kinaungua siku hiyo hiyo.

Kuna jambo la volti pia. Maduka ya Mwanza yamejaa vipuri vya Fuso na Isuzu kubwa zenye umeme wa volti 24. Lori la zamani la volti 12 likivishwa balbu hizo linawaka, lakini kwa unyonge. Mchana hakuna atakayeona kitu. Mwenye gari huridhika kwa sababu akiwa amesimama kivulini anaona mwanga. Anayepaswa kuridhika ni mwenye bodaboda anayekuja nyuma saa saba mchana, jua likimpiga usoni.

Na rangi iwe ya chungwa. Uingereza yenyewe iliruhusu kwa miaka indiketa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, mpaka magari ya kuanzia 1965 yakatakiwa kuwa na za rangi ya chungwa pande zote. Taa nyekundu inayopepesa kando ya taa nyekundu ya breki huleta utata, na utata wa nusu sekunde unatosha. Mapigo yawe kati ya 60 na 120 kwa dakika. Yakizidi hapo jicho linaona mtetemo, yakipungua mtu anaweza kukupita kabla taa haijawaka mara ya pili.

Nikifunga indiketa siachi kufunga hazadi. Ni swichi moja inayounganisha pande zote mbili, na waya wake utoke betrini moja kwa moja kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kwetu lori likiharibika usiku, desturi ni kukata matawi na kuyapanga barabarani. Desturi hiyo imeokoa watu, siibezi. Lakini tawi la kijani usiku halirudishi mwanga, na lori likishatengenezwa watu hupanda na kuondoka, matawi yakabaki kumsubiri mwenye pikipiki. Pembetatu ya kuakisi mwanga na hazadi vinaondoka na gari lake.

Hayo yote ni kazi ya subira. Mkanda ni kazi ya kuamua nani atabaki hai, na ndipo nilipotofautiana zaidi na wateja.

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo wa Uswidi, mwaka 1959, na kampuni ikaacha wengine wote wautumie. Ule mwaka ambapo Bedford kama ya baba mkubwa zilikuwa zinauzwa mpya, kitu ambacho kingemzuia dereva asipasuke kifua kwenye usukani kilikuwa tayari kipo duniani. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unaweza kupunguza hatari ya kufa ya waliomo ndani ya gari kwa hadi nusu. Kwenye lori la zamani umuhimu huo unaongezeka, kwa sababu nguzo ya usukani ni chuma kilichonyooka kisichokunjika, dashibodi ni bati tupu, na milango hufunguka kwa pigo dogo.

Ila mkanda hauna nguvu kuliko kitu ulichofungwa. Abiria wa kilo 70 katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, akisimamishwa ndani ya nusu mita, anauvuta mkanda kwa nguvu inayozidi uzito wa tani moja na robo. Hiyo ndiyo hesabu ninayomwonyesha mteja kwa kalamu kabla sijagusa spana. Bati la sakafu ya kebini ya zamani ni jembamba, na mara nyingi chini ya zulia limeshaliwa na kutu. Kulitoboa tundu na kukaza bolti ni kufunga dume la ng'ombe kwenye bua la mtama. Bolti lazima ipite kwenye bamba nene la chuma upande wa chini, pana kuliko kiganja, kingo zake zikiwa zimelainishwa zisikate bati, na bamba lenyewe likae karibu na mhimili wa kebini. Bolti ya mkanda wenyewe huwa ya inchi 7/16 yenye thredi laini na chuma kigumu. Bolti ya kawaida ya dukani yenye unene unaolingana haifai. Wengine hunishauri nifunge moja kwa moja kwenye chesisi kwa kuwa ndicho chuma kinene. Hapana. Kebini ikitikisika au kung'oka kwenye chesisi wakati wa ajali, mkanda utamkata yule uliyetaka kumwokoa. Mtu, kiti na mkanda vyote viwe kwenye kitu kimoja.

Kiti, nasema, maana kinasahauliwa. Benchi la malori mengi ya zamani limewekwa tu, halijakazwa. Lori likigonga, benchi linaruka na kumkandamiza aliyejifunga mkanda kutoka nyuma. Kaza kiti kwanza. Kwenye Land Rover 109 ya pikapu nenda taratibu zaidi, kwa sababu tenki la mafuta liko chini ya kiti cha kulia, na sanduku la kiti ni aluminiamu. Mwenye kutoboa bila kuchungulia chini anaweza kuwasha moto.

Watu wengi huniletea mikanda iliyotolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililokatwa skrepa. Huwa naukunjua kila mmoja na kuukagua uzi kwa uzi. Uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali umeshavutika, hautavutika tena mara ya pili inavyotakiwa. Uliopauka kwa jua au kushonwa kwa sindano ya fundi viatu, hapana. Halafu kile kikasha kinachouvuta mkanda ndani kina kidude kinachohisi mwelekeo wake; kilitengenezwa kikae wima kwa pembe fulani kwenye nguzo ya gari fulani. Ukikifunga kimelala kwenye kebini ya Bedford, ama kinakaba muda wote mpaka dereva auchukie mkanda, ama hakikabi kabisa. Kwa malori haya napendekeza mkanda wa kiunoni usio na kikasha, unaorekebishwa kwa mkono na kupita chini, kwenye mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Wa begani ni bora zaidi, lakini pale tu penye chuma cha kuushika juu ya usawa wa bega. Ukiufunga chini ya bega, siku ya ajali unaugandamiza uti wa mgongo. Kebini nyingi za zamani, hasa zile zilizofungwa na maseremala wa kwetu kwa fremu za mbao, hazina chuma hicho. Hapo wa kiunoni uliofungwa vizuri unatosha kuzidi wa begani uliofungwa vibaya.

Siku chache kabla ya ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani alinijia mwenye lori mmoja.

"Fundi, nataka mikanda miwili ionekane tu. Trafiki akichungulia aone ipo, anibandikie stika, yaishe."

"Kaka, bei ya kufunga mikanda inayoshika haitofautiani sana. Tofauti ni siku moja zaidi ya kazi."

"Siku hiyo sina."

Nikamwomba radhi, nikamwambia hiyo sifungi. Aliipata kwingine, najua, kwa sababu niliiona: skrubu nne za ubao kwenye bati. Sikumchukia, alikuwa na deni la tairi na msimu ulikuwa unaisha. Lakini nina uhakika na hili: mkanda wa maonyesho ni hatari kuliko kukosa mkanda. Asiye na mkanda anajua hana, anajishika, anamwomba dereva apunguze mwendo. Aliyefungwa mkanda wa uongo ameambiwa yu salama, akalegea. Indiketa inayowaka siku ya ukaguzi na kufa wiki inayofuata ni ya aina hiyo hiyo, maana dereva ameshaacha kutoa mkono akidhani taa inamsemea.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, inawataka dereva na abiria wa mbele wafunge mkanda. Kwa basi huo ni upungufu mkubwa, na wanaodai sheria iwafikie abiria wote wana haki kabisa. Kwa lori haiachi mtu, kwa kuwa viti vyote ni vya mbele. Shida yetu ni idadi. Benchi la watu watatu hukaliwa na watano, mmoja kampakata mtoto. Mama akijifunga mkanda pamoja na mtoto mapajani, mwili wake ndio utakaomponda mtoto. Mtoto mdogo asikae kabisa kwenye kebini ya lori la zamani, apande basi. Na walioko juu ya magunia, akina mama wa gulioni na vijana wa mwaloni, hao hakuna fundi atakayewafungia kitu. Nilishawahi kuombwa niweke vyuma vya kujishikia juu ya bodi "ili wawe salama". Nilikataa, kwa sababu vyuma hivyo vingekuwa mwaliko.

Nimeyaandika haya sasa kwa sababu barabara yetu imebadilika kuliko magari yetu. Kwa miaka mingi kivuko cha Kigongo na Busisi kilitulazimisha kusimama. Lori la zamani lilifika kivukoni, likapanga foleni, injini ikapoa, dereva akazunguka kutazama tairi na taa huku akisubiri zamu, akala sato wa kukaanga, akaongea na wenzake. Foleni ile ilitukera na ilichelewesha wagonjwa waliokuwa wanakimbizwa Hospitali ya Bugando, hakuna atakayeitamani. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya ghuba, na safari iliyokula saa nzima na zaidi sasa ni ya dakika chache. Lami inaunganisha Mwanza, Sengerema na Geita bila kituo. Lakini lile lori la kilomita 40 kwa saa limo barabarani humo humo, saa mbili usiku, na nyuma yake kuna basi, gari dogo la mgodini na lori la mizigo linaloelekea mpakani, wote wakiwa na mwendo mara mbili ya wake. Hawalifahamu kwa mlio. Hawajui linageukia wapi.

Ndiyo maana ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipoamua kuifufua ile Bedford badala ya kuiuza kwa kilo, nilimwambia rangi isubiri. Tulianza chini. Tulipoondoa zulia la kebini tuliona udongo kupitia sakafu, tukakata bati lote lililooza na kuchomea jipya pamoja na mhimili wake. Benchi tulilikaza kwa bolti nane. Mikanda ni mitatu ya kiunoni, na atakayekuwa wa nne atateremka. Waya za taa nilizivuta upya kuanzia betrini, kila upande na fyuzi yake, sikuziunganisha na zile kuukuu hata mahali pamoja. Taa za nyuma nilizifunga kwenye mabano ya chuma chini ya sakafu ya bodi, pembeni kabisa, zikiwa na kizimba cha nondo za kuzikinga na miamba ya vijijini. Kwa kuwa magunia hutuna, niliongeza taa ndogo za kugeukia kwenye mbavu za kebini, pale mkono wa dereva na wa utingo ulipokuwa ukitokea. Umeme ulichukua muda mfupi. Chuma cha mikanda ndicho kilichotuchelewesha, na ndicho nilichokikagua mara nyingi zaidi.

Rafiki yangu mmoja wa Mwanza, anayetunza Land Rover ya miaka ya 1960 kwa mapenzi makubwa, alinilaumu kwamba nyongeza hizi zinaharibu uasili wa gari. Namheshimu, na kwake nilifunga taa ndogo za umbo la zamani kwa vibanio bila kutoboa mahali pasipo lazima, na waya zake zinaweza kutolewa zote siku moja. Kuhusu matundu ya mkanda sikukubaliana naye. Tundu la bati hujazwa. Naye mwisho aliyaruhusu, kwa ajili ya mkewe.

Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kupanda Bedford ilipotoka gereji. Aliutazama mkanda kwa muda.

"Mwanangu, hiki cha nini? Lori hili nimelipanda wewe hujazaliwa."

"Ni kweli mama mkubwa. Barabara ndiyo siyo ile."

"Haya, nifunge." Nikamfunga, nikaukaza chini kwenye nyonga. Akamgeukia mwanawe aliyekuwa ameshashika ufunguo. "Na wewe je? Au wewe ni wa chuma?" Ndugu yangu akajifunga. Tangu hapo gari haliondoki mama huyo akiwa ndani mpaka awe amevuta mkanda wa kila mtu kwa mkono wake, na madereva wengine wa mtaa wetu wamemsikia na kumwogopa.

Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Wewe mwenye lori la zamani, hapa Sengerema, Buchosa, Geita au popote pale ambapo Bedford na ndugu zake bado wanabeba mzigo, lipeleke gereji Aprili, kabla mafundi hawajazidiwa. Likishatoka, lipakie mzigo wako wa kawaida, subiri giza liingie, mtume mtu asimame hatua mia nyuma na akuambie anaona upande gani unapepesa. Kisha chukua tochi, lala chini ya kebini, utazame bolti ya mkanda imeshika nini. Kama imeshika bati peke yake, abiria wako asipande mpaka irekebishwe.